Kufunga taa ya UV juu ya vichwa: mwongozo kwa zahanati, madarasa na ofisi za Mtwara na Lindi

Taa ya UV (miale ya urujuanimno) ya kuua vimelea hewani haimuliki watu, wala meza, wala sakafu. Inamulika kipande cha hewa kilichobaki kati ya vichwa vya watu na dari. Mgonjwa akikohoa, hewa yake yenye joto hupanda na kupita kwenye miale, na bakteria wa kifua kikuu au virusi vya surua vilivyomo huharibiwa vinasaba hadi visiweze kuzaliana. Kisha hewa ileile hushuka. Karibu kila sharti lililo hapa chini linatokana na mzunguko huo: miale ikishuka inaunguza macho, na hewa isipopanda taa inakula umeme bure.

Jambo lenyewe si geni. Miaka ya 1930 na 1940 mtafiti William Wells alifunga taa hizi kwenye shule za pembezoni mwa Philadelphia, Marekani, na watoto wa madarasa yenye taa waliugua surua kwa uchache kuliko wenzao. Baadaye zikapimwa kwenye wodi za kifua kikuu kwa kutumia simbilisi waliovutishwa hewa ya wagonjwa. Huko Lima, Peru, matokeo ya 2009 yalionyesha maambukizi yakishuka kutoka asilimia 35 hadi 9.5. Afrika Kusini, matokeo ya 2015, taa zilipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 80, na kutoka huko ndiko tulikopata hesabu ya nguvu ya taa inayotumika kwenye mwongozo huu.

Upepo kwanza

Kabla ya kutoa hata shilingi, hesabu hewa unayoipata bure. Zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo (mita kwa sekunde), kwa eneo la uwazi wa madirisha ya upande wenye uwazi mdogo (mita za mraba), kwa 3600, kisha gawa kwa ujazo wa chumba. Jibu ni idadi ya mara ambazo hewa yote inabadilishwa kwa saa.

Chukua ukumbi wa kusubiria wa zahanati, mita 6 kwa 5, dari mita 3. Ujazo ni mita za ujazo 90. Madirisha yapo pande mbili zinazotazamana, na upande mdogo una uwazi wa mita 1 ya mraba. Upepo mwanana wa mita 1 kwa sekunde unakupa mara 26 kwa saa. Chumba cha wagonjwa wa TB kinatakiwa kiwe na angalau mara 12. Kwa hiyo kusi ikivuma, ukumbi wa Mikindani au Kilwa uliokaa vizuri na upepo hauhitaji taa yoyote mchana. Safisha tu nyavu za mbu, maana wavu uliojaa vumbi unaziba dirisha lililo wazi.

Taa inakuwa na maana pale hesabu hiyo inapoanguka: usiku, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu na wezi, wakati wa malelezi, upepo umekufa kabisa, msimu wa mvua, na kwenye ofisi zenye kiyoyozi. Kiyoyozi cha ukutani huwadanganya wengi. Kinavuta hewa ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha humohumo, bila kuingiza hata lita moja ya hewa ya nje. Chumba cha watu kumi na watano kilichofungwa na kupozwa ndicho chumba hasa cha kufikiria taa ya UV.

Chunguza chumba

Pima urefu wa dari. Chini ya mita 2.4, acha wazo hili. Kati ya mita 2.4 na 2.7 inawezekana kwa makasha (maboksi yanayobeba taa) yenye mapezi tu, yaani vibati vyembamba vilivyopangwa kwa kubanana kama luva za dirisha, vinavyoruhusu miale kutoka kwa ulalo peke yake. Mita 3 na zaidi ni raha: unaweza hata kutumia makasha yaliyo wazi juu.

Halafu inua macho. Sehemu nyingi za mikoa hii jengo halina dari, ni kenchi na mabati. Bati jipya linalong'aa hurudisha miale ya UV chini kwenye nyuso za watu, na migongo yake huitawanya kusikotabirika. Alumini ni mbaya zaidi. Chokaa na plasta isiyopakwa rangi nazo hurudisha sehemu kubwa. Rangi nyingi nyeupe za dukani, kinyume na macho yanavyodhani, hunyonya UV-C, aina ya UV inayoua vimelea, na kurudisha chini ya sehemu ya kumi, kwa sababu ya madini ya titani yaliyomo. Kwa hiyo ukuta mweupe wa rangi ya mafuta si tatizo, ila bati juu ya kichwa ni tatizo. Piga silingi bodi kwanza, au paka bati rangi isiyong'aa.

Kama dari ni ya PVC, jua kwamba itageuka njano na kukauka hadi ipasuke ukigusa. Miale inakula plastiki: maganda ya waya yaliyo wazi, mapazia ya nailoni, maua ya plastiki juu ya kabati. Hamisha, funika kwa bati lisilong'aa, au kubali hasara ukijua.

Angalia pia nani anaweza kupanda hadi kwenye miale. Bweni lenye vitanda vya dabo deka halifai kabisa: mtoto wa kitanda cha juu akikaa kitako, kichwa kimeshaingia. Jukwaa, ngazi ya ndani na kaunta ndefu yenye stuli hupimwa kwa kichwa cha mtu aliyesimama juu yake.

Pangaboi ni rafiki na pia ni adui. Bila kitu cha kuchanganya hewa, ile ya chini inakaa chini na ile iliyosafishwa inakaa juu, kwa hiyo pangaboi la mwendo wa polepole ni sehemu ya mfumo, si anasa. Lakini mapanga yake yakikatisha mbele ya miale, yanairusha chini kwa kumetameta. Panga kasha mahali ambapo miale haiyapigi moja kwa moja.

Hesabu ya nguvu

Kipimo cha kuanzia ni miliwati 15 hadi 20 za UV-C kwa kila mita ya ujazo ya chumba kizima. Kwa ukumbi wetu wa mita 90 za ujazo hiyo ni miliwati 1,350 hadi 1,800, yaani wati 1.35 hadi 1.8. Pwani yetu ina unyevu, na uwezo wa UV dhidi ya vimelea hushuka unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hadi 70, hali ambayo Mtwara mjini au Lindi mjini ni ya kawaida asubuhi na usiku. Kwa sababu hiyo tumia 20, usikae kwenye 15.

Sasa kosa linalofanywa na karibu kila mnunuzi wa mara ya kwanza: wati hizo ni za miale inayotoka nje ya kasha, si wati zilizoandikwa kwenye tyubu. Tyubu ya wati 36 inageuza takriban theluthi moja ya umeme kuwa UV-C, karibu wati 12. Ikiwekwa ndani ya kasha lenye mapezi, sehemu kubwa mno ya hizo 12 inaishia kwenye vibati, na kinachotoka kinaweza kuwa chini ya wati 1. Makasha mawili yenye tyubu zilezile yanaweza kutofautiana mara mbili au tatu. Mwombe muuzaji karatasi ya vipimo inayosema wazi kasha zima linatoa wati ngapi za UV-C. Ikisema 0.9, ukumbi wetu unahitaji makasha mawili. Kama hana karatasi hiyo, hana unachohitaji.

Cha kununua na cha kukataa

Tafuta kasha la kufunga ukutani lenye tyubu ya zebaki ya nanomita 254 (urefu wa wimbi la miale yake), isiyotoa ozoni. Tyubu zinazotoa pia nanomita 185 hutengeneza ozoni, ambayo inakereketa kifua na kuamsha pumu kwa wenye nayo. Ukisikia harufu kali kama ile ya karibu na mashine ya fotokopi ya zamani, zima na urudishe dukani.

Taa za balbu zenye umbo la gunzi la hindi, zinazokuja na rimoti, ni za chumba kitupu. Hazina kizuizi chochote. Tyubu tupu ya wati 36 kwa umbali wa mita 1 inampa mtu kiwango cha juu cha miale anachoruhusiwa kwa siku nzima ndani ya sekunde 40 hivi. Kuitundika darasani au sebuleni watu wakiwemo ni kuwaunguza.

Zipo pia taa za zambarau za LED zinazouzwa kwa jina la UV. Nyingi ni za nanomita 365 hadi 405, zilezile za kukagulia noti na kunasia wadudu. Haziui vimelea vya hewani kwa kiasi chochote cha kutegemea. Mwanga wa buluu au zambarau unaouona si UV-C, kwa sababu UV-C haionekani.

Kuna aina mpya ya nanomita 222, inayotokana na gesi ya kriptoni na klorini, ambayo ngozi na macho huivumilia zaidi na inaweza kutumika hata kwenye dari fupi. Ina viwango vyake na inahitaji kichujio cha kukata miale mirefu zaidi. LED ya bei rahisi iliyoandikwa 222 iache hapohapo.

Kwa chumba cha dari fupi njia nyingine ni kisanduku chenye feni na taa ya UV iliyofungiwa ndani. Ni salama, lakini fanya hesabu: kisanduku kinachopitisha mita za ujazo 100 kwa saa ndani ya ukumbi wetu wa 90 kinakupa mara 1.1 tu. Dirisha moja wazi linakishinda mbali.

Kufunga

Kazi ya umeme apewe fundi mwenye leseni. Zima kwenye sakiti breka, si kwenye swichi peke yake.

1. Weka alama ukutani ili ukingo wa chini wa kasha uwe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni. Mita 2.2 au 2.3 ni bora kama dari inaruhusu.
2. Chagua ukuta ambao miale itasafiri urefu wa chumba, siyo upana. Kama makasha ni mawili, yaweke kwenye kuta zinazotazamana lakini yasielekeane uso kwa uso.
3. Toboa, weka plagi za ukutani, funga kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Karibu na bahari skrubu za kawaida hulika na chumvi, na kasha likilegea upande mmoja kwa nyuzi chache tu miale inaelekea kwenye macho.
4. Tumia kipima usawa. Hili halina mjadala: mapezi yamepangwa kwa ulalo, kasha likiinama mbele kidogo tu umeharibu kazi yote.
5. Unganisha waya wa ethi. Swichi iwe nje ya chumba au ya kufunguo, kando na swichi za taa za kawaida, ili mtu asiiwashe akitafuta mwanga. Ongeza swichi ya pili ndani ya kasha inayozima taa kifuniko kikifunguliwa, kama kasha halikuja nayo.
6. Bandika kibao kwa maneno ya kueleweka: "TAA YA UV. USIPANDE NGAZI WALA STULI KABLA YA KUZIMA."

Kupima, hatua ambayo wengi wanairuka

Bila kipima UV kilichosawazishwa kwa nanomita 254, kazi haijaisha. Ni kifaa cha gharama, na zahanati moja haina sababu ya kukimiliki. Kadhaa za wilaya moja zinaweza kuchangia kimoja. Simu haipimi UV-C, wala kipima mwanga cha wapiga picha.

Washa taa na uache dakika 15 zipate moto. Anayepima avae mikono mirefu, glavu na ngao ya uso ya plastiki ngumu ya policabonati. Gawa sakafu kwa miraba ya mita 1 kwa chaki. Kwenye kila kona ya mraba shika kipima kwenye urefu wa mita 1.7, macho ya mtu aliyesimama, kisha mita 1.2, aliyekaa. Usikielekeze kwenye taa tu. Kizungushe polepole: kwenye taa, kwenye dari, kwenye ukuta wa mbele, kwenye pangaboi likizunguka, kisha uandike namba kubwa kuliko zote. Mara nyingi namba mbaya haitoki kwenye taa bali upande wa pili wa chumba, mahali kuna kibao cha bati, fremu ya alumini ya dirisha au tarumbeta ya spika inayong'aa.

Kiwango cha kufuata ni jumla ya milijuli 6 (maikrojuli 6,000) kwa sentimita ya mraba ndani ya saa 8. Ukigawa maikrojuli 6,000 kwa kipimo chako cha maikrowati kwa sentimita ya mraba, unapata sekunde ambazo mtu anaweza kukaa hapo kwa siku. Kipimo cha 0.2 kinampa saa 8 na zaidi. Kipimo cha 0.4 kinampa saa 4 na dakika 10. Hiki kinakubalika kwenye njia ya kupita au benchi la kusubiria, ambako hakuna anayekaa siku nzima akitazama juu. Kipimo cha 1 kinampa dakika 100, na hapo hapafai kuwa meza ya muuguzi au karani. Kitanda cha mgonjwa aliyelala chali siku nzima kipimwe kwenye usawa wa mto, naye awe chini ya 0.2.

Ukikuta doa lenye namba kubwa, tafuta kinachorudisha miale na ukipake rangi nyeusi isiyong'aa au ukiondoe. Kikiwa ni kasha lenyewe, kagua usawa wake, kisha pandisha. Usijaribu kurekebisha kwa kupinda mapezi.

Mwisho, ukiwa kwenye ngazi na umejikinga, pima mita 1 mbele ya kila kasha na uandike namba hiyo pamoja na tarehe kwenye karatasi inayobaki ukutani. Hiyo ndiyo namba utakayorudi kuilinganisha.

Kuendesha

Taa iwake muda wote watu wamo, na pangaboi nalo lizunguke. Kuwasha "dakika thelathini kabla ya kliniki" kisha kuzima watu wakiingia ni mazoea yaliyorithiwa kutoka taa za chumba kitupu. Hapa mgonjwa anakohoa sasa, na hewa isafishwe sasa. Kuzima na kuwasha mara kwa mara pia kunafupisha maisha ya tyubu.

Makasha mawili ya wati 36 kwa saa 12 yanakula yuniti 0.86 za LUKU kwa siku, na kwa saa 24 yuniti 1.73. Umeme ukiwa unapanda na kushuka weka kifaa cha kulinda, kwani choki, kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu, ndiyo inayotangulia kufa.

Madirisha hayafungwi eti kwa sababu kuna taa. Wala taa haichukui nafasi ya barakoa kwa mtumishi anayechukua makohozi.

Kusafisha na kubadilisha

Vumbi jembamba juu ya tyubu linatosha kuiba sehemu kubwa ya miale. Kwa kawaida unasafisha kila baada ya miezi 3. Kwa Tandahimba, Newala, Masasi na kokote kulikozungukwa na mikorosho, msimu wa kupuliza salfa fanya kila mwezi: unga ule unaingia ndani ya nyumba na kushikamana na kioo. Zima, subiri ipoe, vaa glavu safi. Futa tyubu na kila pezi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa spiriti ya asilimia 70 au zaidi. Maji ya sabuni huacha utando. Alama ya kidole nayo huacha mafuta yanayounguzwa na kubaki kama doa.

Tyubu nyingi hudumu takriban saa 9,000. Ikiwaka mchana na usiku hiyo ni kama mwaka mmoja. Ikiwaka saa 12 kwa siku, miaka miwili. Baada ya hapo itaendelea kutoa mwanga wa buluu vizuri tu huku UV-C ikiwa imepungua, ndiyo maana rangi si kipimo. Kipimo chako cha mita 1 kikishuka hadi asilimia 70 ya kile cha mwanzo hata baada ya kusafisha, badilisha, kisha pima upya macho ya waliosimama na waliokaa, kwa sababu tyubu mpya ina nguvu kuliko ile iliyotoka.

Mambo yakiharibika

Mtumishi akilalamika usiku kwamba macho yanachoma kama yana mchanga, machozi yanatiririka na hawezi kutazama mwanga, uliza alikuwa wapi saa 6 hadi 12 zilizopita. Ni hali ileile inayompata fundi wa kuchomelea aliyefanya kazi bila miwani. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili, lakini aonwe na mtaalamu wa macho, asitiwe dawa ya ganzi ya kwenda nayo nyumbani. Taa izimwe hadi chumba kipimwe tena. Malalamiko ya watu wawili kutoka kiti kimoja yanatosha kukuonyesha doa lilipo.

Tyubu ikivunjika kuna zebaki. Toa watu, fungua madirisha, zima kiyoyozi na pangaboi, subiri dakika 15. Usifagie, ufagio unaitawanya zebaki. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, kisha gandisha selotepu juu ya sakafu kuokota chembe zilizobaki. Tia vyote, pamoja na glavu, kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza. Chupa hiyo, pamoja na tyubu zilizokwisha muda, isiende kwenye kiteketezi wala shimo la taka. Ihifadhiwe chumba kilichofungwa, imeandikwa "zebaki", hadi ofisi ya afya ya wilaya ielekeze pa kuipeleka.